Baridi: Walichokiona Wageni wa Kwanza wa Kilimanjaro

Mwezi wa pili mwaka jana rafiki yangu wa Dar alikuja Moshi kwa mara ya kwanza. Alishuka kwenye basi saa kumi jioni, sweta zito mwilini na skafu shingoni, maana aliambiwa huku ni baridi. Jua lilikuwa kali. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Akaangalia huku na huku, juu ya paa za maduka, juu ya miti, kisha akaniuliza: "Sasa mlima uko wapi?"

Mlima ulikuwa mbele yake kabisa, nyuma ya wingu. Nilimwonyesha kwa kidole, akaona wingu tu. Tukiwa ndani ya bajaji akamtumia mke wake ujumbe, akanisomea kwa sauti: "Nimefika salama. Moshi ni joto na mlima hakuna."

Nilicheka sana, ila ujumbe ule uliniganda kichwani. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma vitabu vya watu waliofika huku kwetu kwa mara ya kwanza katika karne ya 19. Nilianza kwa sababu ya makala ya gazeti iliyotakiwa ndani ya siku mbili, makala ikatoka, mimi nikaendelea kusoma. Wamisionari, mabaroni, wapanda milima, wote wana ile sura moja katika kitabu: siku walipouona mlima. Wanaiandika vizuri, wengine vizuri mno. Lakini ukisoma sura hizo moja baada ya nyingine unagundua jambo. Hakuna hata mmoja aliyefika peke yake. Kila anayeandika "nimeona" amepelekwa na mtu ambaye alishaona zamani, na mara nyingi huyo mtu alikuwa anazungumza Kiswahili.

Huyo ndiye ninayemtafuta katika vitabu hivi. Anapita haraka, mstari mmoja au miwili, kisha anapotea. Mmoja wao alitamka neno moja tu, na neno hilo likazua ubishi wa miaka mingi Ulaya.

Asubuhi ya Mei 11

Johannes Rebmann alikuwa Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Aliishi Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mwenzake Ludwig Krapf. Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka Rabai kwenda Uchagga, akiwa na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia ya bara. Inasimuliwa kwamba Rebmann hakubeba silaha, alibeba mwavuli. Pwani walishamwonya kuhusu ule mlima. Una majini, waliambizana, na juu yake kuna kitu king'aacho kama fedha.

Tarehe 11 Mei, mnamo saa nne asubuhi, akiwa kwenye nyika baada ya kupita Utaita, aliona juu ya mlima mmoja kitu cheupe kinachong'aa. Akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake kile ni nini. Kiongozi akamjibu kwa neno moja: baridi.

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa sababu wengi wanaosimulia kisa hiki wanakimbilia mbele, kwenye theluji na sifa za Rebmann. Mimi nataka kukaa na yule aliyejibu.

Leo sisi tuna maneno mawili ya kitu kile. Theluji tumeitoa kwa Waarabu. Barafu imetoka kwa Waajemi. Yote mawili yamekuja kwa bahari, kutoka kwa watu waliokuwa na kitu chenyewe kwao. Mtu wa Mombasa wa mwaka 1848, ambaye hajawahi kuona maji yaliyoganda, angefanyaje? Angeweza kusema fedha, kama wengine. Angeweza kusema majini. Yeye hakusema kinavyoonekana. Alisema kinavyomfanya mtu. Ukikikaribia, utasikia baridi. Kwangu mimi hilo ni jibu la mtu makini: ametaja alichokuwa na hakika nacho, akaishia hapo.

Na Rebmann, tumpe haki yake, alikuwa na sikio. Yeye alizaliwa kwenye nchi ya theluji. Aliposikia "baridi" na macho yake yakawa yanaona weupe, akaunganisha mambo mawili na kujua palepale anaangalia nini. Weupe peke yake ulikuwa wingu. Baridi peke yake ilikuwa hadithi ya njiani. Ugunduzi ambao vitabu vinampa mtu mmoja ulitokea katikati ya maongezi ya watu wawili, kwa Kiswahili, juani, wakiwa wanatembea.

Siku chache baadaye alifika Kilema kwa Mangi Masaki, na huko akasikia neno lingine: Kibo. Wenyeji wa mlimani hawakuhitaji kuazima kwa Mwarabu wala Mwajemi. Kitu kilikuwa chao na jina lilikuwa lao.

Mtu wa London na watu wa Machame

Taarifa ya Rebmann ilichapishwa London mwaka 1849. Akatokea bwana mmoja, William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimika, akaipinga. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Kitabu chake cha mwaka 1852 kuhusu Afrika ya ndani kilimfanya Rebmann aonekane mtu aliyedanganywa na macho yake. Cooley mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa na vitabu, ramani na uhakika.

Baadaye Baron Karl Klaus von der Decken alifika mlimani mwaka 1861 akiwa na mwanajiolojia Mwingereza, Richard Thornton, na mwaka 1862 akarudi na Otto Kersten wakapanda kupita mita 4,000, wakanyeshewa theluji mwilini. Hata hapo Cooley hakukubali. Rebmann aliishi Rabai mpaka macho yakapofuka kweli, akarudishwa kwao mwaka 1875, akafariki mwaka uliofuata.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama vita ya aliyeona na asiyeona. Mimi nasoma ukurasa mwingine wa Rebmann mwenyewe, ambao hausimuliwi sana. Katika safari zake za Machame alielezwa kwamba Mangi Rengua, baba yake Mamkinga aliyekuwa akitawala wakati huo, aliwahi kutuma kundi la watu wapande juu wakachunguze kile kitu cheupe, kama ni fedha au ni nini. Aliyerudi hai ni mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibika kwa baridi, kilema cha maisha. Wengine wote walikufa huko. Na Rebmann aliambiwa pia kwamba kile kitu cheupe kikishushwa chini kinageuka kuwa maji.

Soma tena hapo. Kuna swali: kile ni nini? Kuna dhana: labda ni fedha. Kuna watu waliotumwa kwenda kuhakiki, na kuna jibu lililoletwa kwa gharama ya maisha yao. Hayo yote yamefanyika kabla ya London kuanza kubishana. Lakini ukifungua orodha yoyote ya waliopanda Kilimanjaro, inaanza na Wazungu wa miaka ya 1860. Sabaya hayumo. Sijui tungemwita mpanda mlima au mtafiti. Nadhani vyote viwili vinamfaa, na vidole vyake ndivyo vilivyokuwa cheti chake.

Mgeni naye anaangaliwa

Tumezoea kuuliza mgeni alionaje. Je, mgeni alionekanaje?

Vitabu vyao vinatuambia bila kukusudia. Wamisionari wanalalamika kwamba hawakuruhusiwa kumfikia mangi haraka. Walisubirishwa. Kulikuwa na desturi ya kufunga urafiki kwanza: mnyama anachinjwa, na mgeni anavishwa kidoleni kipande cha ngozi ya mnyama yule. Mwandishi anaona ni ushirikina unaomchelewesha. Mimi naona mlango. Watu hawa walikuwa na utaratibu wa kumpokea mtu wasiyemjua, wa kumfanya awe mtu wa hapa kabla hajaanza kuzungukazunguka kwenye migomba ya watu. Ni utaratibu wa uhamiaji, tofauti ni kwamba muhuri wake ulikuwa ngozi ya mbuzi.

Rebmann alipata taabu kwelikweli Machame mwaka 1849. Mamkinga na watu wake walimmalizia vitu vyake kidogokidogo kwa jina la zawadi, mpaka safari yake ya kwenda mbali zaidi ikafa. Alipoaga, wakamtemea mate. Anaandika kwa uchungu, na ninamwelewa, mtu ameibiwa halafu anatemewa mate. Lakini msomaji wa huku kwetu anapofika hapo anasita. Mate ya mzee kwa anayesafiri ni baraka. Wapo wazee mlimani mpaka leo wanaokutemea mkononi kidogo unapoaga, na ukitoa mkono haraka wanahuzunika. Inawezekana kabisa kwamba watu wale walimpora kwa dhati na kumbariki kwa dhati, siku ileile. Binadamu ndivyo tulivyo.

Aliyewasoma wageni vizuri kuliko wote alikuwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Alijua Kiswahili, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani kuzungumza na misafara. Mwaka 1871 alimpokea Charles New, mmisionari Mmethodisti kutoka Uingereza, akamruhusu apande kutokea kwake. Mwezi wa Agosti New alifika kwenye theluji. Wapagazi na viongozi walikuwa wamerudi mmoja mmoja kwa baridi na hofu. Aliyevumilia kupita wengine wote ni mtu wa msafara aitwaye Tofiki. New ndiye anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kufika kwenye theluji ya mlima ule. Kuhusu Tofiki, mpaka leo sijaona hata barabara ya vumbi iliyopewa jina lake.

New aliporudi mara ya pili, Rindi alimnyang'anya mali zake. Akafia njiani akirudi pwani mwaka 1875. Simtetei Rindi. Lakini ukimsoma kwa utulivu unaona mtu aliyekuwa ameanza kuelewa kwamba wageni hawa hawaji kuangalia tu. Wanaandika, na kilichoandikwa kinaleta mgeni mwingine, mwenye msafara mkubwa zaidi.

Kutoka kuona mpaka kutaka

Hapo ndipo hadithi inapobadilika, na unaweza kuiona ikibadilika ndani ya lugha ya vitabu vyenyewe.

Harry Johnston alikuja mwaka 1884 kukusanya mimea na wanyama, akakaa miezi kadhaa mlimani, mwanzoni katika himaya ya Rindi. Kitabu chake cha mwaka 1886 kinasomeka vizuri. Ana jicho la mchoraji. Anasifu migomba, anasifu mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga waliichimba kuyatoa maji kwenye makorongo na kuyapitisha mabegani mwa vilima mpaka kwenye kila kihamba. Anasifu hewa. Na kila anachokisifu kinamkumbusha kwao Uingereza. Mwanzoni unafurahi kwa ajili yake, mgeni amejisikia nyumbani. Halafu unakumbuka kwamba huyu huyu alikuwa akiiandikia serikali yake kwamba nchi hii inafaa Wazungu kuhamia. Ukishasema "pananikumbusha kwetu", hatua ya kusema "pawe petu" ni fupi.

Mwaka 1885 akaja Karl Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters, na karatasi ya mkataba. Rindi akatia alama yake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakagawana, mstari ukatoka pwani, ukafika mlimani, ukauzunguka, mlima ukabaki upande wa Wajerumani.

Na hapa niseme kitu, kwa sababu mgeni yeyote anayefika Moshi leo atasimuliwa, ikiwezekana kabla hajamaliza soda yake ya kwanza, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si kweli. Makubaliano ni ya mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888. Kisa kinapendwa kwa sababu ni kitamu na ni kifupi. Tatizo lake ni kwamba kinatufanya tucheke badala ya kuuliza kuhusu ile karatasi ya Jühlke: nani aliisoma, kwa lugha gani, na Rindi alidhani anatia alama kwenye nini.

Mwaka 1889

Kama ningeruhusiwa kuandika riwaya moja tu ya kihistoria, ningechagua mwaka huu.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo. Meyer akakipa jina la Kaiser Wilhelm. Kambi yao ya juu, kwenye ile nyanda ya baridi kati ya Kibo na Mawenzi, ilikuwa inalindwa na mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani. Fikiria hilo. Wenzake wamebaki chini kwenye moto na ndizi. Mabwana wawili wameondoka usiku na shoka za barafu. Yeye amebaki na hema na upepo, mtu wa ufukweni, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari aliyozaliwa kando yake. Siku baada ya siku. Angetuandikia kurasa kumi tu za alichokiona na alichokisikia usiku, tungekuwa na kitabu cha kutosha. Marangu nao wanamtaja kijana wa kwao, Yohani Kinyala Lauwo, kuwa aliongoza msafara ule. Alifariki mwaka 1996, mzee sana. Naye watu walikuja kumpiga picha zaidi ya kumwandika.

Mwaka huohuo wa 1889, Rindi alituma wajumbe wake Berlin, wakisindikizwa na Mjerumani Otto Ehlers, wakamwone Kaiser. Yaani katika mwaka uleule ambao Mjerumani anapanda Kibo kutia jina la Kaiser juu ya theluji, Wachagga wako kwenye meli na treni wanakwenda kumtazama Kaiser mwenyewe.

Waliona nini? Watu waliotoka kwenye mteremko ambao kila nyumba ina migomba yake, wakaingia kwenye jiji la mawe na gesi na farasi. Walisikiaje baridi yake? Jibu hatuna kwa kalamu yao. Hawakuandika. Waliporudi walisimulia kwa mdomo, kwenye mbege, kwa watu ambao nao wamekufa.

Na isisemwe kwamba ni kwa sababu Mwafrika wa wakati ule hakuwa na habari za kuandika safari. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, alisafiri na bwana wake Mjerumani, Dkt. Bumiller, mpaka Urusi na Siberia, na akaandika safari yake kwa Kiswahili: miji, watu, mavazi, vyakula, namna watu wanavyoswali na wanavyosafiri. Kikachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Nikimsoma Salim namwona kiongozi wa Rebmann amepata kalamu hatimaye. Anaangalia nchi ya baridi kwa macho ya mtu wa joto, haoni aibu kushangaa, na hashangai kupita kiasi. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili tunazungumza mno kuhusu riwaya na mashairi, tunasahau kwamba tuna safari nzima ya Siberia kwenye rafu.

Rindi alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, wakamrudia mwaka uliofuata wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga, yeye na wengine, pale Old Moshi. Familia yake mpaka leo inalitafuta fuvu lake. Mafuvu ya watu kutoka mlimani yalipelekwa Ujerumani yakahifadhiwa kwenye mikusanyo, na mwaka 2023 Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa baadhi yao hapa Tanzania, akiwemo mtu aliyekuwa mshauri wa Meli. Wajumbe wa baba walikwenda Berlin kwa miguu yao, wakaonana na Kaiser, wakarudi. Miaka kumi na kitu baadaye watu wa mwana walipelekwa vichwa, wakapimwa na rula. Sina namna ya kulisema hilo ili lisiumize, na sioni sababu ya kuitafuta.

Moshi ipi?

Rafiki yangu alilala kwetu siku mbili. Njiani kupanda aliniuliza kwa nini mji unaitwa Moshi. Mwenyewe alikuwa na jibu tayari: ni moshi wa treni ya zamani. Mwingine atakwambia ni moshi wa volkano.

Jina ni la zamani kuliko treni. Moshi ya Rindi, ambayo New na Johnston waliiandika, haikuwa pale mjini. Ilikuwa juu, mteremkoni, ile tunayoiita sasa Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, kituo kikawekwa chini kwenye tambarare, mji ukaifuata reli, na jina likashuka nao. Kwa hiyo mgeni wa leo anayeshuka kwenye basi na kusema "Moshi ni joto" hajakosea, ila yuko Moshi nyingine. Wageni wa karne ya 19 walioandika kuhusu ubaridi wa Moshi nao hawakudanganya.

Huu ndio mtego wa mtazamo wa kwanza. Mara nyingi ni wa kweli. Mlima kweli ulikuwa hauonekani. Jua kweli lilikuwa kali. Rebmann kweli alitemewa mate, Johnston kweli aliona kijani. Shida inaanza ule ukweli wa saa moja unapochapishwa, ukasomwa na watu elfu, ukarudi kwetu kama maelezo ya sisi ni nani. Ernest Hemingway aliuona mlima akiwa kwenye ndege mwaka 1934, anakimbizwa Nairobi akiugua kuhara damu, hakuwahi kuupanda. Miaka miwili baadaye akachapisha hadithi yake fupi ya theluji za Kilimanjaro, na kuna watu duniani ambao kwao mlima huu ni chui aliyekauka kileleni na mwanamume anayekufa kitandani. Hadithi ni nzuri. Ila ndani yake hakuna kihamba hata kimoja.

Wenyeji walioandika wapo. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyefariki mwaka 1927, alijaza madaftari ya historia ya Wachagga, na waandishi wa Kizungu wakayatumia. Mangi Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili kuhusu maisha ya Mchagga, duniani na ahera. Lakini ni wachache, na saa inakwenda. Ya barafu iliyokuwepo Kibo mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imeshaondoka. Kile kitu cheupe ambacho Rengua alipotezea watu, ambacho Cooley alikikataa, kinakwisha mbele ya macho yetu, na sisi ndio kizazi cha mwisho kitakachoweza kuandika kilivyoonekana kutoka kwenye mlango wa nyumba ya mama.

Mimi mwenyewe sijawahi kukiandika. Nimeandika bei ya kahawa, nimeandika chaguzi, ajali za mabasi na ada za hifadhi. Mlima nilikuwa nauona kila siku, kwa hiyo sikuuona.

Asubuhi ya pili, saa kumi na mbili, rafiki yangu alitoka nje akiwa na mswaki mdomoni. Wingu lilikuwa limefunguka. Kibo ilikuwa hapo, kubwa, juu ya migomba ya jirani, na ule weupe uliobaki ukashika rangi ya jua. Alisimama. Povu la dawa ya meno likamdondokea kwenye fulana. Hakutoa simu. Baada ya muda mrefu akajikunyata, akasema tu: "Kuna baridi, aisee."

Sikumwambia kitu kuhusu Rebmann. Nilikwenda kumletea lile sweta.

Alipoaga, mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo mama, asante kwa kila kitu," rafiki akasema. "Marahaba baba, usalimie nyumbani." Gari lilipoondoka nikamuuliza mama anamwonaje mgeni wetu. Akafikiria huku akikusanya majani ya migomba.

"Ana adabu," akasema. "Ila machalari hajayamaliza. Na anatembea haraka kama mtu anayedaiwa."

Nikaingia ndani nikayaandika.